Umeshapasuliwa mara moja: mtoto ajaye azaliwe kwa njia ya kawaida au kwa operesheni tena?

Mwanamke aliyezaa kwa operesheni akishika mimba nyingine, maneno huanza mapema. Mama mkwe husema aliyekwishapasuliwa hazai tena kwa njia. Jirani husema yeye alipasuliwa kwa mtoto wa pili, na wa tatu akamzaa mwenyewe bila ya shida. Kliniki wanaandika kwenye kadi kwamba ana kovu, wanampa tarehe ya kurudi, foleni inaendelea. Wengi hufika wiki ya 40 hawajaamua kitu. Uamuzi unakuja kufanywa usiku wa manane mlangoni mwa wodi ya wazazi, mama kashashikwa na uchungu, mume yuko dago, yaani kambi ya uvuvi, au kambini kwenye karafuu, na daktari wa zamu ndiyo kwanza anamtia machoni. Mimi ni mkunga hapa Zanzibar, na hili huniuma kuliko mengi ninayoyaona kazini: mama mzima, mwenye akili zake, anafikishwa mezani bila ya kupewa nafasi ya kuchagua.

Kwa mama mwenye kovu moja tu, njia zote mbili zinakubalika kitabibu. Zote zina faida na zote zina hatari, lakini hatari zenyewe hazifanani wala haziji wakati mmoja. Nitazipanga ubavu kwa ubavu, nanyi mzisome wawili, mke na mume, na yule atakayekaa na mama arubaini pia asome. Lengo ni kwamba ikifika wiki ya 36 jambo liwe limeshazungumzwa na daktari na limeandikwa kwenye kadi.

Kauli ya mama mkwe ilikotoka

Kauli kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima haikuzuka hewani. Mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, aliwaambia madaktari wenzake maneno ya namna hiyo. Zama hizo mfuko wa uzazi ulikuwa ukikatwa wima, sehemu ya juu yenye nyama nene inayojikaza kwa nguvu wakati wa uchungu. Kovu la pale halikuwa la kutegemewa. Katika miaka ya 1920 madaktari, akiwemo Munro Kerr wa Glasgow, wakaanza kuueneza mkato wa chini, unaolala kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mahali ambapo mfuko ni mwembamba na haujikazi sana. Mkato huo ndio unaotumika leo karibu kila mahali, hapa kwetu pia. Kovu lake huhimili uchungu vizuri zaidi. Kwa hiyo mama mkwe hasemi uongo. Anasema jambo lililokuwa kweli kwa kovu la zamani.

Kovu la nje halisemi la ndani

Nikimuuliza mama alipasuliwaje, mara nyingi hufungua kanga akanionesha tumbo. Kovu linashuka wima kutoka chini ya kitovu, naye watu wameshamwambia kuwa mwenye kovu la wima asijaribu kabisa. Hapo huwa nakaa naye kitako, kwa sababu jambo hili ndilo linalowapotosha wengi. Ngozi hukatwa peke yake na mfuko wa uzazi hukatwa peke yake. Daktari anaweza kuikata ngozi wima ili afike ndani haraka, kisha mfuko akaukata chini kwa kulala. Na mwenye kovu zuri la kulala, lililojificha kwenye mstari wa nguo ya ndani, naye hawezi kuapa kuwa ndani kuko vivyo hivyo. Kutazama tumbo hakutoshi.

Jawabu liko kwenye karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Humo hutafutwa herufi LSCS, maana yake mkato ulikuwa wa chini. Ikiwa imeandikwa kwamba mfuko ulikatwa wima sehemu ya juu, au mkato uliongezwa ukapanda juu, basi hakuna tena mjadala wa njia ya kawaida: ni operesheni, na tarehe ipangwe kabla uchungu haujaanza. Ni hivyo hivyo kwa aliyewahi kupasukwa na mfuko wenyewe. Karatasi ikiwa imepotea, ikaliwa na mchwa au ikabaki kwa wakwe, hospitali huwa na daftari la chumba cha upasuaji. Mtu atumwe mapema na jina la mama kama lilivyoandikwa siku ile, tarehe na wodi aliyolazwa. Kazi hiyo ifanywe mimba ikiwa ya miezi minne au mitano, isingojee mwezi wa tisa.

Karatasi hiyo hiyo hueleza sababu ya kupasuliwa, na sababu ina uzito mkubwa katika uchaguzi. Kama mtoto alitanguliza makalio, au kondo la nyuma lilikaa njiani, au mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka, hizo ni sababu za mimba ile. Si lazima zirudi. Kama uchungu ulikwenda mpaka mwisho, mama akasukuma na kichwa kikagoma kushuka, nafasi ya kufanikiwa safari hii ni ndogo zaidi, ingawa ipo, na wapo wengi wa aina hiyo wanaozaa wenyewe.

Njia ni mbili, matokeo ni matatu

Watu hulinganisha "kawaida" na "kisu". Mimi naomba mlinganishe mambo matatu, kwa sababu anayechagua kujaribu njia ya kawaida anaweza kuishia kwenye moja kati ya mawili.

La kwanza ni kujaribu na kufanikiwa. Kati ya wanawake 100 wenye kovu moja la chini wanaojaribu, 60 mpaka 80 huzaa kwa njia. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja, kabla au baada ya operesheni, nafasi yake hupanda mpaka 85 au 90 katika 100. Huyu ndiye anayepona haraka kuliko wote, anayepoteza damu kidogo, na mfuko wake hauongezwi kovu jengine.

La pili ni operesheni ya kupangwa. Mama analala hospitali siku moja kabla, hajala, damu imeshapimwa na kutafutwa, watu wote wako kazini mchana. Utulivu huo una thamani yake. Mfuko kupasuka ni nadra sana kwa sababu uchungu haujaanza. Lakini ni upasuaji wa tumbo, pamoja na mambo yake ya damu, vidonda kuingia maradhi, damu kuganda miguuni, na kibofu kuguswa pale makovu ya zamani yanaposhikana.

La tatu ni kujaribu na kushindwa, kisha kupasuliwa kwa dharura. Huyu ndiye mwenye taabu zaidi: amechoka, chupa imeshapasuka zamani, na hatari ya kutoka damu na kuingia maradhi ni kubwa kuliko ya aliyepangiwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni nafasi yako wewe, kwa mwili wako na historia yako, ya kuangukia kwenye hili la tatu. Mwenye nafasi ya 85 na mwenye nafasi ya 50 hawafanyi uamuzi mmoja.

Halafu kuna lile linaloogopwa, mshono wa ndani kufumuka, yaani mfuko kupasuka mama akiwa katika uchungu. Kwa kovu moja la chini, uchungu ukianza wenyewe, hutokea takriban mara 1 kwa kila wanawake 200. Ni nadra. Likitokea, lakini, mtoto anaweza kufa na mama anaweza kupoteza mfuko wa uzazi au maisha, na wanaookolewa ni wale waliofikishwa kwenye chumba cha upasuaji ndani ya dakika chache. Hatari hupanda mara mbili mpaka tatu uchungu ukianzishwa au ukiongezwa kwa dripu. Hupanda pia kama kati ya uzazi ule na huu hakujapita miezi 18. Shirika la Afya Duniani hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa mwenye mshono, ushauri huo una sababu ya ziada.

Kuhusu mtoto: anayezaliwa kwa operesheni ya kupangwa huwa mara nyingine anahema kwa shida siku za mwanzo, kwa sababu mapafu hayakupitia msukosuko wa uchungu. Ndiyo maana operesheni ya kupangwa, pasipo tatizo jengine, hufanywa kuanzia wiki ya 39. Mkiambiwa wiki ya 37 au ya 38, ulizeni sababu. Na kwa kuwa wiki hizo zinahesabiwa kutokana na siku ya mwisho ya hedhi au kipimo cha mwanzo cha mimba, mama aliyeanza kliniki mwezi wa saba anamnyima daktari kipimo cha uhakika.

Swali ambalo huwa haliulizwi: bado watoto wangapi?

Sehemu hii naitilia mkazo kuliko nyengine zote, kwa sababu visiwani kwetu familia ya watoto watano, sita au saba ni jambo la kawaida, na mabuku mengi ya kitabibu yameandikwa na watu wa nchi ambako mama anayeamua ana mtoto mmoja na anatafuta wa mwisho. Kwa mama huyo wa ughaibuni, operesheni ya pili ndiyo ya mwisho, hesabu imefungwa. Kwa mama wa Konde au wa Makunduchi aliyepasuliwa kwa mtoto wa kwanza naye ana miaka 22, operesheni ya pili ni mlango wa ya tatu na ya nne.

Kila operesheni huongeza kovu, na kondo la nyuma la mimba inayofuata linaweza kujipandikiza juu ya kovu hilo na kuzama ndani yake kama mizizi. Mtoto akishatoka, kondo hubanduka lenyewe kwa kawaida. Lililozama halibanduki, na damu hutoka kwa wingi mno. Mara nyingi mfuko wa uzazi hulazimika kutolewa ili mama aishi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliowafuatilia zaidi ya wanawake 30,000 waliopasuliwa, ulionesha namna hatari inavyopanda kwa wale ambao kondo lao limekaa chini, juu ya mlango wa uzazi. Kwa waliokuwa wakipasuliwa mara ya kwanza, 3 katika 100 walikutwa na kondo lililozama. Mara ya pili, 11. Mara ya tatu, 40. Mara ya nne, 61. Kondo kukaa chini si jambo la kila siku, lakini lenyewe pia huwapata zaidi wenye makovu.

Hapa ndipo mizani inapogeuka. Ukitazama mimba hii peke yake, operesheni ya kupangwa inaweza kuonekana ndiyo salama zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Ukitazama mimba hii na tatu zitakazokuja, kuzaa kwa njia safari hii ni kujikinga na hatari ya mbele. Mama anayetaka watoto wengi na ana kovu moja zuri, mimi maoni yangu ni kwamba ana sababu nzito ya kujaribu, mradi ajaribu mahali panapostahiki. Anayejua kuwa huyu ni wa mwisho hana haja ya kuibeba hofu hiyo, na operesheni ya kupangwa inamfaa bila ya kujiona amefeli. Tena kama ameridhia kufunga kizazi, ni jambo la kuzungumzwa na mumewe na daktari miezi kabla. Lisitajwe kwa mara ya kwanza akiwa juu ya meza.

Mjadala huu unahitaji wawili waseme kweli. Nimeshuhudia mume anasema wanne, mke ananyamaza, na akishatoka mume mke ananiambia huyu ndiye wa mwisho. Basi zungumzeni nyumbani kwanza.

Njia yoyote mtakayoielekea, mama mwenye kovu apigwe picha ya ultrasaundi kati ya wiki ya 32 na ya 36, na aulize kwa maneno: "Kondo limekaa wapi? Liko mbali na mshono?" Jawabu liandikwe kwenye kadi. Kondo likiwa limekaa chini mbele, pale kovu lilipo, mama huyo anatakiwa azalie hospitali kubwa yenye damu ya kutosha na daktari bingwa wa wanawake.

Usiku, uko umbali gani na chumba cha upasuaji?

Zile takwimu za mshono kufumuka zimetoka kwenye hospitali ambamo mama husikilizwa mtoto wake mara kwa mara na chumba cha upasuaji kiko mlango wa pili. Kinachobadilika zaidi ukihamia kwetu ni yanayofuata baada ya kufumuka. Kwa hiyo kujaribu njia ya kawaida kuna sharti moja lisilo na mjadala: kujaribiwe katika hospitali inayoweza kupasua saa yoyote. Kuzalia nyumbani na kovu, hata kwa mkunga wa jadi mwenye mkono mwepesi, hapana. Kituo cha afya kizuri chenye wakunga hodari lakini kisicho na chumba cha upasuaji, hapana pia. Mama anayekwenda kliniki ya kituo cha karibu aendelee kwenda kwa vipimo, ila siku ya kuzaa aelekee kwengine.

Unguja watu huelekea Mnazi Mmoja au Lumumba. Pemba ni Abdalla Mzee kule Mkoani, Chake Chake au Wete. Sasa ziko na hospitali za wilaya, na mtu wa Nungwi haoni tena sababu ya kusafiri karibu kilomita 60 kuja mjini. Ni jambo la heri. Hata hivyo ulizeni mambo matatu kabla ya kuichagua yoyote: usiku na siku za sikukuu upasuaji unafanyika? Mtaalamu wa usingizi analala hapo hapo au anapigiwa simu? Damu ya kundi langu ipo, au ndugu waje kutoa mapema? Mkunga mwenyeji atawajibu bila ya kinyongo. Sisi wenyewe tukileta dada zetu kuzaa huuliza maswali hayo hayo.

Upande wa pili wa mizani, operesheni nayo si kimbilio la usalama kamili. Utafiti uliofanywa katika hospitali 183 za nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2019, uliona kuwa takriban mama 5 kati ya kila 1,000 waliopasuliwa walifariki, mara 50 ya ilivyo nchi tajiri. Wengi walipasuliwa kwa dharura, na waliofariki walikuwa na mambo kama kutoka damu nyingi na matatizo ya dawa ya usingizi. Kwa mama mwenye upungufu wa damu, kisu cha kupangwa nacho kina uzito. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki vimezwe mpaka mwisho, asivitupe kwa sababu vinamfanya choo kiwe cheusi.

Anayeishi Tumbatu, Kojani, Fundo au Makoongwe ana hesabu moja zaidi, nayo ni bahari. Kusi likivuma, chombo hakingoji uchungu wa mtu. Ushauri wangu kwake, akichagua kujaribu kawaida, ahamie kwa jamaa karibu na hospitali tokea wiki ya 38. Kama hana jamaa na hana pa kukaa, operesheni ya kupangwa huwa ndiyo busara kwake hata kama kovu lake ni zuri. Inaniuma kusema hivyo, kwa sababu kisiwa kisimchagulie mtu njia ya kuzaa, lakini bahari ya usiku na mshono unaofumuka havikutani salama.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani na simu za mpango wa Jamii ni Afya wanasaidia sana katika kupanga safari. Waambieni wazi kuwa mna kovu. Waombeni pia namba ya usafiri wa dharura wa m-mama, iandikwe ukutani ndani ya nyumba, isikae kwenye simu ya mume peke yake.

Nani aelekee wapi

Mama mwenye kovu moja la chini, aliyepasuliwa kwa sababu isiyojirudia, aliyepumzika miaka miwili au zaidi, mwenye mtoto mmoja aliyelala kichwa chini na kondo lililokaa juu, anayeweza kuwa karibu na hospitali: huyu ana kila sababu ya kujaribu. Akiwa aliwahi kuzaa kawaida, mimi binafsi ningeshangaa kumwona anapangiwa kisu bila ya maelezo.

Mwenye makovu mawili, kwengine duniani huruhusiwa kujaribu chini ya uangalizi wa daktari bingwa, lakini katika mazingira yetu mengi ushauri atakaopewa ni operesheni, na naukubali. Mwenye kovu la wima ndani, au mfuko uliowahi kupasuka, au kondo lililoziba njia: operesheni. Mtoto anayekisiwa kuzidi kilo 4, mama mwenye unene mkubwa, mimba iliyokuja haraka baada ya ile: hapa si marufuku, ila nafasi inapungua na daktari aseme imepungua kiasi gani.

Yuko pia mama ambaye kwa karatasi anafaa kujaribu lakini hataki. Uzazi wake wa kwanza ulimchosha siku mbili, akapasuliwa akiwa hoi, na akikumbuka anatetemeka. Hofu hiyo ni sababu halali. Asilazimishwe na mtu anayemwambia kuwa mwanamke halisi huzaa kwa njia. Hakuna mtoto wa kisu na mtoto wa halali zaidi.

Arubaini ya kila mmoja

Aliyezaa kwa njia bila ya tatizo hutoka hospitali baada ya saa 24. Anaweza kuchanika, na wachache huchanika vibaya mpaka karibu na njia ya haja kubwa, jambo linalotaka kushonwa vizuri. Aliyepasuliwa hukaa siku tatu hivi, huinuka kwa maumivu, na wiki sita habebi ndoo ya maji wala mtoto wake mkubwa. Wote wawili wananyonyesha ndani ya saa ya kwanza; sindano ya ganzi ya mgongo haizuii ziwa.

Wanaomuuguza wajue jambo moja: kukandwa kwa maji ya moto kusifike kwenye mshono, na mkaja usikazwe juu ya kidonda kibichi. Kidonda kikavu na kisafi kinatosha. Kikitoa usaha, kikinuka au homa ikipanda, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kuzungumza na daktari

Maneno yasiwe mengi. Mama akiingia aseme kama hivi: "Dokta, nilipasuliwa 2021, hii karatasi yangu. Mtoto alitanguliza makalio. Inshaallah tunataka wawili zaidi. Nakaa Fundo. Naweza kujaribu kawaida, na wewe unaona nafasi yangu ni kiasi gani?" Kwa sentensi hizo chache daktari ana kila anachokihitaji, na hawezi kukujibu kwa neno moja. Akisema operesheni, muulize: "Kwa sababu ipi?" Akisema kawaida: "Nikishindwa, mtaamua saa ngapi?"

Madaktari kutoka China wamekuwa wakija kufanya kazi visiwani tangu mwaka 1964, na hospitali ya Abdalla Mzee iliyojengwa upya kwa msaada wa nchi hiyo ilifunguliwa mwaka 2016. Ukikutana na daktari ambaye Kiswahili chake hakijakaa sawa, omba muuguzi atafsiri, tena atafsiri yote, asifupishe. Usitingishe kichwa kwa jambo usilolielewa.

Fomu ya ridhaa ni yako kuisoma au kusomewa. Kwa maadili ya udaktari anayeridhia ni mgonjwa mwenyewe akiwa na fahamu zake. Mume ni mshauri wako na ni vyema awepo, lakini akiwa dago wiki tatu, kisu cha dharura hakimngojei. Hilo mlimalize kabla hajaondoka: akwambie mbele ya mama yake kwamba ameridhia kila litakaloamuliwa kwa uhai wako, ili asitokee mtu mlangoni kukataa kwa niaba yake.

Tarehe ikibadilika

Uliyepangiwa operesheni wiki ya 39 ukashikwa na uchungu wiki ya 38, usikae nyumbani kungoja tarehe. Acha kula, chukua kadi na karatasi, ondoka. Ukifika, sema mara moja kuwa una kovu na ulikuwa na tarehe. Ikiwa njia imeshafunguka sana, mkunga na daktari watakwambia kama inafaa kuendelea. Ni haki yako kuulizwa upya.

Uliyechagua kujaribu, njoo uchungu ukiwa mwanzo mwanzo. Ukiwa ndani, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa kwa uchache, nawe ukisikia maumivu yasiyoachia hata uchungu unapopumzika, damu mbichi, kizunguzungu, maumivu ya bega, au uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, ita mtu kwa sauti. Usiogope kuonekana msumbufu.

Wiki ya 41 ikipita na uchungu haujaja, kaa na daktari upya. Anaweza kusubiri huku akikupima, anaweza kujaribu kukufungua njia taratibu kwa mpira maalumu, au mkaamua operesheni. Dawa za kienyeji za kuleta uchungu usinywe, hakuna ajuaye kipimo chake na mfuko wenye mshono hauvumilii uchungu wa kulazimishwa. Na mtu yeyote, hata akiwa na koti jeupe, akija na kidonge cha misoprostoli cha kukuanzishia uchungu, cha kumeza, cha chini ya ulimi au cha kuwekwa ukeni, mwambie kabla hajakifungua: "Mimi nina kovu."